Miaka Yangu na bioRxiv na medRxiv: Tathmini ya Ghala la Tafiti Ambazo Hazijahakikiwa

Tangu mwanzoni mwa 2020 nimekuwa mtumiaji wa mara kwa mara wa maghala mawili ya mtandaoni, bioRxiv na medRxiv, ambamo watafiti huweka makala zao kabla hazijapitiwa na wahakiki wa jarida lolote. Mimi si mtaalamu wa virusi. Ni msomaji ambaye jamaa na marafiki humuuliza kama dai fulani walilolisikia kuhusu chimbuko la virusi vya korona, au kuhusu kinga inayobaki mwilini baada ya kuugua, lina ukweli wowote. Kwa kazi hiyo sijapata chombo kinachonifaa kuliko hiki, na nimeshuhudia pia jinsi kilivyo chepesi kutumiwa vibaya, hata na watu waangalifu.

Kwa asiyezifahamu, bioRxiv ilianzishwa Novemba 2013 na Cold Spring Harbor Laboratory ya Marekani kwa ajili ya baiolojia, na medRxiv ikafuata Juni 2019 kwa ajili ya sayansi ya tiba, maabara hiyo ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Yale na BMJ, wachapishaji wa majarida ya tiba, miezi michache tu kabla ya ugonjwa kuzuka Wuhan. Tangu Machi 2025 zote mbili zinasimamiwa na shirika lisilotafuta faida liitwalo openRxiv. Mwandishi halipi chochote kuweka makala, na msomaji halipi wala hasajiliwi ili aisome. Kabla makala haijatokea hadharani, wafanyakazi na wanasayansi wanaojitolea huipitia ili kujua kama kweli ni utafiti, kama haikunakiliwa kutoka kwa wengine, na kama haina jambo linaloweza kuhatarisha afya ya watu. Hawapimi usahihi wa hitimisho lake. Ndiyo maana makala huweza kusomwa siku chache tu baada ya kuwasilishwa, wakati uhakiki wa jarida huchukua wiki nyingi au miezi, na ndiyo maana pia makala dhaifu huingia kwa mlango uleule unaopitiwa na makala imara.

Madhara ya mlango huo yalionekana mapema. Tarehe 31 Januari 2020 kundi la watafiti nchini India liliweka bioRxiv makala iliyodai kwamba protini ya mwiba ya virusi vipya, ile wanayoitumia kuingia kwenye seli, ina vipande vinne vifupi vinavyofanana na sehemu za virusi vya UKIMWI, na kwamba mfanano huo si rahisi kuwa wa bahati. Wataalamu waliijibu papo hapo, wengi wao katika sehemu ya maoni chini ya makala yenyewe, wakionyesha kwamba vipande vifupi kiasi hicho hupatikana kwa viumbe wengi wasiohusiana kabisa, kwa sababu ile ile inayofanya herufi mbili tatu zilizofuatana zipatikane katika maneno mengi yasiyo na undugu. Tarehe 2 Februari waandishi wakaiondoa. Muda mfupi baadaye ghala likaweka bango la manjano juu ya kila makala, likisema kwamba hizi ni taarifa za awali, hazijahakikiwa, hazifai kuongoza tiba wala mwenendo wa mtu kuhusu afya yake, na hazifai kutangazwa na vyombo vya habari kana kwamba zimethibitishwa.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliona kwamba ghala limeshindwa. Leo naona tofauti, ingawa si kabisa. Makala iliyoondolewa haikufutwa. Anayeitafuta leo anaikuta na tangazo la kuondolewa kwake, na akipenda anaweza kufungua toleo lile la kwanza na kuona hasa kilichodaiwa. Dai hilo halijaacha kuzunguka katika jumbe za simu, na kila linaponifikia naweza kumwonyesha aliyenitumia mahali lilipozaliwa na mahali lilipokataliwa na waliolizaa. Uvumi mwingine mwingi hauna kumbukumbu ya namna hiyo.

Sehemu ya huduma hii ninayoithamini kuliko zote ni kichupo cha historia, ambacho nadhani wasomaji wengi hawajawahi kukibonyeza. Kila makala inayorekebishwa hupata toleo jipya lenye tarehe yake, na matoleo ya nyuma hubaki wazi. Thamani ya jambo hili nilijifunza kutokana na utafiti wa kaunti ya Santa Clara, California, uliowekwa medRxiv tarehe 17 Aprili 2020. Watafiti walipima kingamwili, protini ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuambukizwa, katika damu ya watu 3,330 na kupata majibu chanya 50, yaani asilimia 1.5. Baada ya kusahihisha hesabu ili ilingane na wakazi wa kaunti, walikadiria kwamba walioambukizwa walikuwa kati ya 48,000 na 81,000, mara 50 hadi 85 ya waliokuwa wamethibitishwa rasmi. Kama ilikuwa kweli, ugonjwa ulikuwa umeenea mno na uwezekano wa kufa kwa aliyeambukizwa ulikuwa mdogo kuliko ilivyodhaniwa, na kwa hiyo namba hizo zilichukuliwa haraka na watu waliokuwa wakibishana kuhusu kufunga au kutofunga shughuli.

Shida ilikuwa katika kipimo. Waandishi walitegemea sampuli 401 za watu waliojulikana kuwa hawajaambukizwa, na kati ya hizo kipimo kilikosea mara 2, kikisema ndiyo mahali palipostahili hapana. Kosa la nusu ya asilimia laonekana dogo, lakini sampuli 401 ni chache, na kiwango halisi cha makosa kingeweza bila ajabu yoyote kufika asilimia 1.5. Zidisha asilimia hiyo kwa watu 3,330 upate 50, idadi ile ile ya majibu chanya yote waliyoyapata. Kwa maneno mengine, takwimu za toleo la kwanza hazikutosha kukataa uwezekano kwamba karibu kila jibu chanya lilikuwa kosa la kipimo. Isitoshe, washiriki wengi walijitokeza baada ya kuona tangazo la Facebook, na mtu aliyewahi kuugua kikohozi na homa bila kupimwa ana sababu ya ziada ya kuitikia mwito wa namna hiyo.

Wakosoaji waliyasema haya hadharani ndani ya siku chache, na kabla mwezi haujaisha toleo la pili likawekwa, likiwa na sampuli nyingi zaidi za kupimia makosa ya kipimo na mbinu tofauti ya hesabu. Kadirio la kati lilibaki karibu palepale, asilimia 2.8, ila mipaka yake ilitanuka ikawa kutoka asilimia 1.3 hadi 4.7, yaani kutoka watu 25,000 hadi 91,000. Nimewahi kuyafungua matoleo hayo mawili kando kwa kando kwa ajili ya kijana mmoja anayesoma takwimu, na sidhani kuna kitabu ambacho kingemfundisha vizuri zaidi kwamba namba ya kati bila mipaka yake ni nusu ya habari. Jarida lingetuonyesha toleo la mwisho pekee, lililosafishwa, na tusingeona jinsi shaka ilivyoingizwa ndani ya hesabu.

Mfano mwingine umetoka Afrika Kusini. Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipotangazwa Novemba 2021, maabara moja ya Durban ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa duniani kupima kama kingamwili za waliochanjwa kwa chanjo ya Pfizer zinaweza kukizuia kirusi hicho, na Desemba ikaweka matokeo medRxiv. Toleo la kwanza, lililotumia sampuli za watu 12, lilionyesha kwamba nguvu ya kingamwili hizo imeshuka mara 41. Makala ilipochapishwa katika jarida la Nature, baada ya kuongeza sampuli, namba ilikuwa 22. Anayetaka kuwatuhumu watafiti kwa udanganyifu ataziona namba hizo mbili kama ushahidi. Mimi naona watu waliokuwa na sampuli chache wakiupasha ulimwengu habari ya haraka uliyoihitaji, kisha wakaendelea kupima na kuonyesha walipofikia. Mwelekeo haukubadilika: kingamwili zilikuwa zimepungua nguvu sana. Kilichobadilika ni kiasi, na kiasi ndicho hubadilika kwa kawaida sampuli zinapoongezeka.

Katika suala la kinga hasa, ghala hili lina kasoro inayonikera. Kila makala husimama peke yake, bila kuelekezwa kwa zile zinazoijibu au kuikamilisha. Julai 2020 watafiti wa King's College London waliweka medRxiv makala iliyofuatilia wagonjwa 65 kwa muda wa hadi siku 94, ikaonyesha kwamba asilimia 60 walifikia kiwango kikubwa cha kingamwili zenye uwezo wa kuzuia virusi, lakini mwishoni mwa ufuatiliaji ni asilimia 17 hivi tu waliobaki na kiwango hicho. Vichwa vya habari vilisema kinga hupotea baada ya miezi michache. Niliamini hivyo, na niliwaambia watu hivyo, jambo ambalo bado linaniuma kwa sababu kuna walioisikia kauli yangu wakakata tamaa ya chanjo kabla haijapatikana.

Makala yenyewe ilikuwa imepima kitu kimoja tu, kiwango cha kingamwili kwenye damu, na kiwango hicho hupanda na kushuka baada ya karibu kila maambukizi makali, kwani seli nyingi zinazozitengeneza haraka haraka wakati wa ugonjwa huwa ni za muda mfupi. Kinga ina hazina nyingine. Kuna seli B za kumbukumbu, zinazoweza kuanza upya kutengeneza kingamwili kirusi kikirudi. Kuna seli T, zinazoratibu mapambano au kuua seli zilizokwisha kuambukizwa. Na kuna seli zinazohamia kwenye uboho na kuendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo kwa muda mrefu. Novemba 2020 watafiti wa La Jolla Institute waliweka bioRxiv utafiti uliopima kwa pamoja kingamwili, seli B za kumbukumbu na seli T, na ulipochapishwa katika jarida la Science Januari 2021 ulikuwa na watu 188, baadhi yao wakiwa wamefuatiliwa hadi miezi 8. Seli B za kumbukumbu dhidi ya protini ya mwiba zilikuwa nyingi zaidi mwezi wa sita kuliko mwezi wa kwanza. Seli T zilipungua polepole. Yaani kitu kimoja kilishuka, kingine kilipanda, na swali la kama mtu ana kinga haliwezi kujibiwa kwa kupima kimoja.

Ningependa sana yule aliyefungua makala ya Julai aonyeshwe, pembeni mwa ukurasa, kwamba makala ya Novemba ipo. Haonyeshwi. Ghala huunganisha makala ya awali na toleo lake lililochapishwa katika jarida, nalo hilo hulifanya vizuri kwa kiasi kikubwa, lakini mazungumzo kati ya makala na makala humwachia msomaji ayatafute mwenyewe. Kwa Omikroni hali ilikuwa hiyo hiyo: Desemba ile ile ambapo namba ya 41 ilitikisa dunia, wanasayansi wa Cape Town waliweka medRxiv makala iliyoonyesha kwamba asilimia 70 hadi 80 ya mwitikio wa seli T uliendelea kuitambua Omikroni. Wengi waliisikia namba ya kwanza, wachache wakaisikia ya pili.

Nihamie kwenye chimbuko la virusi, mahali ambapo nimelitumia ghala hili kwa tahadhari kubwa zaidi. Tarehe 23 Januari 2020 watafiti wa Wuhan waliweka bioRxiv makala iliyosema kwamba jenomu, yaani maandishi yote ya kijenetiki, ya kirusi kipya inafanana kwa asilimia 96.2 na ya kirusi cha popo kiitwacho RaTG13, kutoka mkoa wa Yunnan. Asilimia hiyo imetumika na kila upande wa mabishano. Wengine husema ni karibu sana, kwa hiyo RaTG13 ndiyo mzazi. Hesabu inakataa: jenomu ya virusi hivi ina herufi karibu 30,000, na asilimia 3.8 iliyobaki ni tofauti zaidi ya 1,100 zilizotawanyika kote, umbali ambao kwa mageuzi ya kawaida unahitaji miongo mingi. RaTG13 ni binamu. Baadaye virusi vya popo vya Laos vilifikia asilimia 96.8, navyo vilevile ni mabinamu, na havina ule mkato wa furini (mahali ambapo kimeng'enya cha mwili kiitwacho furini huikata protini ya mwiba), kipande cha herufi 12 ambacho kimebishaniwa kuliko kipande kingine chochote cha jenomu hii.

Kisa cha kakakuona ndicho ninachokitumia kuwafundisha wengine faida ya kudai makala yenyewe. Tarehe 7 Februari 2020 chuo kimoja cha kilimo cha China kilitangaza kwa waandishi wa habari kwamba kirusi cha kakakuona kinafanana na cha binadamu kwa asilimia 99. Siku hiyo hapakuwa na makala ya kusoma. Makala ilipotokea bioRxiv siku 13 baadaye, ilibainika kwamba 99 ilihusu sehemu moja tu ya protini ya mwiba, ile inayoshika seli, na kwamba jenomu nzima ilifanana kwa takriban asilimia 90. Mtu aliyekuwa na tabia ya kungoja makala hakupotoshwa.

Ghala pia limebeba madai ya upande mwingine. Oktoba 2022 watafiti watatu waliweka bioRxiv makala iliyosema kwamba mpangilio wa sehemu ambazo vimeng'enya viwili, BsaI na BsmBI, vinaweza kukata jenomu hiyo unafanana na ule wa virusi vinavyounganishwa maabara kipande kwa kipande. Wazo lenyewe linapimika, na hilo ni jambo la kusifiwa. Wakosoaji walilipima wakaonyesha kwamba sehemu hizo hizo za kukatia zinapatikana kwa virusi vya popo vya porini, hivyo mpangilio ule unaweza kutokea kwa mageuzi na mchanganyiko wa kawaida bila mkono wa mtu. Kuthibitisha kwamba alama fulani inaweza kuachwa na maabara hakutoshi. Inabidi kuthibitisha pia kwamba maumbile peke yake yasingeiacha.

Kwa upande wa heshima ya kumbukumbu, hakuna makala iliyonigusa kama ile ya Jesse Bloom, mtafiti wa mageuzi ya virusi, iliyowekwa bioRxiv Juni 2021. Alieleza kwamba data za mpangilio wa virusi vya wagonjwa wa awali wa Wuhan zilikuwa zimeondolewa kwenye hifadhidata ya taasisi ya afya ya Marekani kwa ombi la waliozileta, akayapata mafaili yake kwenye Google Cloud na kuunda upya mipangilio 13 isiyo kamili. Matokeo yake hayakuamua kama virusi vilitoka kwa mnyama au maabara, na hakudai hivyo. Yalionyesha kwamba picha ya mwanzo wa mlipuko ina mapengo, na kwamba data iliyoondolewa kimya kimya ni hasara kwa kila mtu, awe anaamini nini.

Baadhi ya makala muhimu kuhusu soko la Huanan, lile la Wuhan lililohusishwa na wagonjwa wa kwanza, hazimo humu. Ziliwekwa kwenye maghala mengine, kama Zenodo na Research Square, na msomaji asiyejua hilo atadhani ameyaona yote. Mojawapo, iliyochapishwa hatimaye katika Science Julai 2022 ikidai kwamba virusi viliingia kwa binadamu angalau mara mbili, ilisahihishwa baadaye kwa kosa la programu, na kipimo cha nguvu ya ushahidi wake kikashuka kutoka takriban 60 hadi 4.3. Waandishi walishikilia hitimisho lao, lakini 4.3 ni ushahidi wa wastani. Ripoti ya Juni 2025 ya jopo la WHO linaloshughulikia chimbuko hilo ilisema kwamba ushahidi uliopo unaelekea zaidi upande wa kutoka kwa wanyama, huku ikiacha dhana zote mezani kwa kuwa China haikutoa data zote zilizoombwa. Anayekuja bioRxiv akitarajia jibu la mwisho hatalipata humu, kwa sababu halijapatikana popote.

Kuna kasoro nyingine ndogo. Bango la tahadhari hubaki kwenye ukurasa. Mtu akipakua faili la PDF na kulituma, onyo linalobaki ni mstari wa maandishi madogo juu ya kila ukurasa, ambao jicho huupita. Maoni ya wasomaji, ambayo mara kadhaa yamekuwa na uhakiki bora kuliko wa jarida, yamewekwa mbali chini na hayapangwi kwa uzito. Na karibu kila kitu ni Kiingereza, hivyo msomaji wa Kiswahili anategemea mtu wa kati, ambaye mara nyingi amesoma ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, tu.

Naipendekeza huduma hii bila kusita kwa mwalimu, mwandishi wa habari na mwanafunzi aliye tayari kufungua kichupo cha historia, kusoma sehemu ya mbinu na kuteremka hadi kwenye maoni. Kwa aliye na dakika mbili na ikisiri pekee, ni heri angoje. Na kama openRxiv wangenisikiliza kwa jambo moja, ningewaomba waweke kwenye ukurasa wa mbele wa kila makala iliyobadilika namba kuu ya toleo la kwanza na ya toleo la sasa, kwa herufi za ukubwa uleule, ili yule wa 41 aione 22 bila kuitafuta.